Tamko Kuhusu Majengo ya Mazimbu, Kuelekea Miaka 50 Tangu Yatolewe kwa Wapigania Uhuru

1. Chama chetu, kinachowaunganisha wakazi wa mji wa Morogoro na wa vijiji vya safu za Uluguru wanaoshughulikia utunzaji wa majengo na kumbukumbu za mkoa huu, kimekutana, kimejadili na kuafikiana kutoa tamko hili kwa umma, kwa Serikali na kwa kila mwenye dhamana juu ya majengo ya Mazimbu. Mwaka 2027 itatimia miaka 50 tangu shamba la mkonge lililokuwa limeachwa lilipotolewa na Serikali ya Tanzania kwa ANC ya Afrika Kusini. Chama hakikuona busara kungoja mwaka huo ufike. Maadhimisho huja na haraka, haraka huja na rangi mpya, na chini ya rangi mpya hufukiwa mambo ambayo hakuna sherehe itakayoyarudisha.

2. Kwanza, umma ukumbushwe mahali penyewe palivyoanza. Mazimbu iko nje kidogo ya mji, karibu na mto Ngerengere, na mtu akisimama pale akageukia kusini anaiona Uluguru yote imesimama mbele yake, mara nyingi ikiwa imejifunika ukungu asubuhi. Ardhi ile ililimwa mkonge. Zao hilo lililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 aliyoagiza ilinusurika 62 tu. Kutokana na miche hiyo mkonge ulienea Tanga, kisha ukashuka kufuata reli ya kati hadi Morogoro. Pamoja na mkonge wakaja manamba, vibarua wa mashamba, kutoka kila pembe ya nchi na nje yake, zikaja kambi zao, ikaja korona, mtambo wa kuchambua mkonge, na ngurumo zake, ikaja nyumba ya meneja yenye baraza pana. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 na hakuna nchi duniani iliyoizidi. Baada ya hapo nyuzi za plastiki zikavunja bei, na shamba moja baada ya jingine likanyamaza. Mazimbu lilikuwa miongoni mwa yaliyonyamaza. Kilichobaki ni nyumba chache zilizochakaa, na mkonge uliokua ovyo bila mkataji.

3. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Maelfu ya vijana walivuka mipaka baada ya siku hiyo. Wengi walikuja bila wazazi, bila cheti, baadhi wakiwa watoto kabisa. ANC, iliyopigwa marufuku kwao tangu mwaka 1960, haikuwa ngeni Morogoro: makao yake makuu ya uhamishoni yaliwahi kuwa katika mji huu katikati ya miaka ya 1960, na ni hapa ulipofanyika mkutano wake mkubwa wa kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969, uliofungua uanachama kwa watu wa rangi zote waliokuwa uhamishoni. Vijana wa Soweto walipofika ikabidi watafutiwe mahali pa kusoma. Mwaka 1977, Mama Anna Abdallah akiwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, Mazimbu likatolewa. Chama kinapenda jambo hili lisemwe wazi: nchi maskini, iliyokuwa ikiwalisha wakimbizi wa nchi nyingi na kuhifadhi Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) jijini Dar es Salaam, iliona shamba lililokufa na ikaona ndani yake shule.

4. Shule ilianza mwaka 1978. Mwaka uliofuata ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Nyumba za shamba zilikarabatiwa kwanza, kwa kuwa ndizo zilizokuwapo, na watu wakaishi mlemle walimowahi kuishi wasimamizi wa mkonge. Kisha ukaanza ujenzi mpya: madarasa, mabweni, bwalo, maktaba, nyumba za walimu, shule ya msingi, kituo cha watoto wadogo kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, karakana ya samani yenye jina la Vuyisile Mini, na mwaka 1984 hospitali iliyojengwa kwa msaada wa marafiki wa Uholanzi. Nchi nyingine nyingi zilichangia, za Ulaya ya Magharibi na za Mashariki pia, katika miaka ambayo pande hizo mbili hazikuzoea kukaa meza moja kwingineko. Mwanafunzi wa Mazimbu alisoma hesabu na sayansi, akasoma historia ya mapambano ya watu wake, na siku hiyohiyo akashika jembe au akaenda bandani kulisha mifugo, kwa kuwa shule ilijengwa juu ya imani kwamba anayesoma lazima pia azalishe.

5. Kuna upande wa habari hii unaotajwa kwa sauti ya chini, nao ni wa wenyeji. Zege la Mazimbu lilichanganywa na mikono mingi ya Watanzania, vijana wa mjini na wa vijiji vya jirani, waliolipwa kama vibarua na mafundi. Mzee mmoja wa chama chetu alikuwa mmoja wao. Katika ziara ya wanachama alisimama mbele ya ukuta, akaupapasa kwa kiganja, akatuonyesha mstari wa matofali ambao pembe zake zimemeguka kuliko mengine. Akasema hayo ni matofali ya masika. Yalifyatuliwa mvua ikinyesha, hayakukauka sawasawa, na msimamizi aliyaona lakini watoto walikuwa wanalala chini na mabweni yalitakiwa. Hakuna kitabu kitakachomweleza mgeni habari hiyo. Imo ukutani, na ndani ya kichwa cha mzee mwenye zaidi ya miaka 70.

6. Wapo pia Morogoro leo watu wazima ambao mama zao ni Watanzania na baba zao ni Wasauzi waliorudi kwao mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wengine waliwafuata baba zao. Wengine hawakuwaona tena. Kwa watu hawa Mazimbu si historia ya nchi mbili zenye udugu, ni nyumbani kwa mzazi. Chama kinawataja kwa heshima, na kinaamini kwamba mjadala wowote juu ya majengo haya usiowaita mezani haujakamilika.

7. Makatazo dhidi ya ANC yaliondolewa Februari 1990, na wakazi wa Mazimbu wakaanza kurudi kwao. Julai 1992 Oliver Tambo na wenzake waliikabidhi Mazimbu, pamoja na makazi ya Dakawa yaliyoanzishwa mwaka 1982, kwa Serikali iliyoongozwa na Rais Ali Hassan Mwinyi. Walikabidhi kila kitu, hadi vitanda na vitabu. Dakawa pakawa mahali pa shule na mafunzo ya ufundi. Mazimbu ikakabidhiwa kwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki Aprili mwaka huo kwa ajali ya gari palepale Dakawa. Hivi ndivyo kampasi moja ya chuo chenye jina la Sokoine ilivyokuja kuitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Majina mawili, vifo viwili vilivyopishana kwa miaka mitano, na wanafunzi wanaopita chini ya majina hayo kila siku wakiwahi kipindi.

8. Hesabu ya miaka inafaa kutazamwa. ANC ilikaa Mazimbu miaka 15. Chuo kimekaa zaidi ya mara mbili ya muda huo. Watanzania waliohitimu pale, walimu wa sekondari, wataalamu wa sayansi na wa maendeleo ya jamii, wametawanyika nchi nzima, nao pia wana kumbukumbu zao za mabweni yale. Chama kinasema hivi kwa sababu kimesikia rai mbili zikizungumzwa, na hakikubaliani na yoyote kati yake.

9. Rai ya kwanza yasema kwamba Mazimbu igeuzwe makumbusho, chuo kihamishwe, milango ifungwe na mgeni aingie kwa tiketi. Wanaosema hivyo wanaipenda Mazimbu, na chama hakina shaka na mapenzi yao. Lakini shule iliyojengwa ili vijana wasome haitunzwi kwa kuwatoa vijana. Jengo lisilo na watu huingiwa na mchwa, popo na wezi wa mabati, na kila mkazi wa mkoa huu amewahi kuona nyumba za mashamba ya mkonge zilivyoishia: msingi, ngazi tatu zisizopanda popote, na mwembe. Darasa la Mazimbu likiwa na mwalimu na wanafunzi ndani linaendelea na kazi ileile lililojengewa. Huo ndio utunzaji wa kwanza, na kwa huo chama kinakishukuru chuo bila kusita.

10. Rai ya pili yasema kwamba mali iliyokabidhiwa imekabidhiwa, na mwenye nayo leo aweza kuvunja, kuziba, kupanua na kubadili apendavyo. Hii chama kinaipinga kwa nguvu zaidi. Katika desturi ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, lukolo, ikifuata upande wa mama. Anayelima leo analima kwa haki yake kamili. Hakuna wa kumng'olea mihogo. Lakini hawezi kuiuza ardhi ile kana kwamba ilianza siku aliyoishika yeye, kwa sababu waliotangulia wamezikwa humo na wanaokuja wana sehemu yao. Wazee wa Uluguru waliishi kwa kanuni hiyo kabla ya kuwapo boma lolote la Mjerumani chini ya mlima, na waliishikilia mwaka 1955 pale mpango wa serikali ya kikoloni wa kulazimisha makinga maji ulipowafikisha kwenye ghasia, kwa kuona kwamba wanaamuliwa mambo ya ardhi yao bila kuulizwa. Chama hakihitaji kwenda mbali kutafuta msingi wa msimamo wake. Mwenye kutumia ana haki ya kutumia, na anawajibika kwa asiyekuwapo.

11. Kwa Mazimbu maneno hayo si mfano tu. Makaburi yamo. Wamelala pale wana wa Afrika Kusini waliofia ugenini kwa maradhi na kwa ajali, baadhi vijana sana, mbali na mama zao. Familia zao huja. Huja baada ya safari ndefu, na wakifika hutaka kuonyeshwa vitu viwili: kaburi, na chumba alicholala marehemu. Kaburi lina alama. Chumba nacho kinastahili kuonyeshwa na mtu anayejua.

12. Hapo ndipo lilipo pengo ambalo chama kinaliona kubwa kuliko nyufa za ukuta. Kumbukumbu za maandishi za shule ile, faili zake na nyaraka zake, zilirudi na wenyewe na kuhifadhiwa Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, Rasi ya Mashariki. Ni haki yao, wala chama hakidai karatasi hizo zirudishwe. Lakini matokeo yake ni kwamba maneno yako Rasi ya Mashariki na kuta ziko Morogoro. Mtafiti wa kule anasoma habari za bweni asilolijua. Mwanafunzi wa hapa analala katika bweni asilojua habari zake.

13. Kuhusu sheria, umma ufahamu kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo hupata ulinzi pale tu Waziri mwenye dhamana anapolitangaza. Kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya historia ya Morogoro tunayoweza kuigusa kwa mkono, kuanzia reli iliyofika mwaka 1907 hadi hospitali ya Mazimbu ya mwaka 1984, haina kinga ya kuzaliwa nayo. Inangoja kutajwa. Tena kutaja eneo kwa jina moja la jumla hakutoshi, kwa kuwa fundi anapokuja na nyundo havunji eneo. Anavunja ukuta huu, dirisha lile, bamba la jiwe la msingi.

14. Nchi hii imejionea njia zote mbili. Jijini Dar es Salaam, Boma la Kale lililojengwa na Sultani Majid katika miaka ya 1866 na 1867 lilipitia mikononi mwa watawala wa Kijerumani na wa Kiingereza na kuwa ofisi za namna nyingi. Liliponea kuvunjwa, likakarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa usanifu wa jiji. Unguja, Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, iliyokuwa jumba la sherehe la Sultani Barghash, kisha ofisi za serikali, kisha makumbusho, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na ikaua watu. Jengo la pili lilikuwa mashuhuri kuliko la kwanza, na limo katika Mji Mkongwe unaotambuliwa na UNESCO. Umashuhuri haukushika dari. Kinachoshika dari ni ukaguzi wa kila mwaka, fungu lililotengwa, na mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana kuwa ndiye mwenye kuwajibika.

15. Kwa kuzingatia hayo yote, msimamo wa chama ni kwamba majengo ya Mazimbu ni mali ya umma inayotumika, na iendelee kutumika. Yaweza kubadilishwa kwa mahitaji ya elimu ya leo, yawekewe nyaya, maabara na njia za wenye ulemavu. Hata hivyo kila badiliko liache matumizi yaliyotangulia yakisomeka: nyumba za mkonge zijulikane kuwa ni za mkonge, mabweni ya wapigania uhuru yajulikane kuwa ni yao, na miaka ya chuo nayo iandikwe. Hakuna awamu iliyo na haki ya kuifuta nyingine. Hii ni pamoja na awamu ya manamba, ambayo haina balozi wa kuisemea wala ujumbe wa kuweka shada la maua.

16. Chama kinaiomba Serikali, kupitia wizara yenye dhamana ya mambo ya kale, ihakikishe kwamba ulinzi wa kisheria wa Mazimbu na Dakawa unataja jengo moja moja, pamoja na mipaka ya makaburi, na kwamba orodha hiyo inawekwa wazi mahali ambapo mwananchi aweza kuisoma. Kinauomba uongozi wa chuo, kwa heshima inayostahili, uendelee kuwa mlezi wa majengo hayo na upange kila ukarabati mkubwa baada ya kusikiliza wazee wa Mazimbu na wale waliowahi kuishi humo. Kinaziomba Serikali za Tanzania na Afrika Kusini zikubaliane ili nakala za nyaraka na picha za miaka 1977 hadi 1992 ziletwe Morogoro na kuwekwa katika maktaba ileile ya Mazimbu. Udugu uliozungumzwa kwenye hotuba nyingi utaonekana vizuri zaidi ukipangwa kwenye rafu, mwanafunzi wa Morogoro akaufungua na kuusoma.

17. Kwa upande wake, chama hakitangoja majibu ndipo kianze kazi. Kimeazimia kuwatembelea mafundi, vibarua, wapishi, wauguzi, madereva na walimu Watanzania waliofanya kazi Mazimbu na ambao wangali hai, kuandika maelezo yao kwa ridhaa yao, na kukabidhi nakala zake kwa chuo na kwa umma. Kila ukuta ambao mjenzi wake anajulikana utaandikwa jina la mjenzi katika orodha hiyo. Kazi hii inaanza na wale wenye umri mkubwa zaidi, kwa sababu ambayo haihitaji kuelezwa. Yeyote mwenye picha, barua, kiti kilichotengenezwa katika karakana ya Vuyisile Mini, au kumbukumbu tu isiyo na karatasi, anakaribishwa.

18. Chama kitarudi mbele ya umma kabla ya mwaka 2027 kwisha, kueleza yaliyotekelezwa na yasiyotekelezwa, kwa kutaja kila moja.

Limetolewa Morogoro, kwa idhini ya mkutano wa wanachama wote.